Usiku wa Ijumaa Ni Upi

Nilikwenda Kerege Ijumaa ile nikiwa nimeshaamua kukataa. Mwenzangu niliyesoma naye chuo, mtu wa Singida, alitaka tuunganishe kazi zetu. Kila mmoja alikuwa ameandika maktaba ya programu, yaani msimbo ambao watengeneza programu wengine huuchukua bure na kuutumia. Zote mbili zilifanya jambo lile lile: kusoma maneno kama "kesho saa mbili asubuhi" na kuyageuza kuwa tarehe. Kuwa nazo mbili ni kujichosha, alisema, na hakukosea. Lakini katika rasimu yake alikuwa ameifuta kanuni yangu ya usiku wa Ijumaa.

"Ijumaa yenyewe haijafika, usiku wake umetoka wapi?" aliniuliza kwenye kibanda cha chai tulipokutana, chai haijapoa.

Nilikasirika. Kwetu Zinga siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Ndio tunaosomea hitma, kisomo cha kuwaombea marehemu. Programu ikikosea hapo, mtu atafika dua imeshaombwa. Nilimweleza hivyo, sauti ikanipanda, kwa sababu moyoni nilikuwa na lingine. Hitma ya baba yangu nilimwalika mwenyewe kwa simu, asije, wala asiseme neno. Tangu hapo nikawa namjibu kwa mkato.

Nikamgeukia mama muuza chai. "Shikamoo mama. Hivi usiku wa Ijumaa ni lini?"

"Marahaba. Si umeshapita? Ulikuwa jana," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Nilingoja mwenzangu abishe. Hakubisha.

"Hitma ya mzee uliniambia usiku wa Ijumaa," akasema polepole. "Nikaiandika kwenye simu, maktaba yangu ikaisoma kuwa Ijumaa jioni, simu ikanikumbusha. Nilikuja, Ijumaa, jua linazama. Nikakuta mikeka imekunjwa, masufuria yameoshwa. Nikaona umenidanganya siku kwa kuwa mimi si Mwislamu. Nikageuza bila kubisha hodi."

Niliona haya. Nikamwuliza mbona hakuniambia muda wote huo.

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Nilifungua kompyuta pale pale, tukaziunganisha. Kanuni yangu imo na yake imo. Mtu akiandika usiku wa Ijumaa, maktaba haikisii tena. Inamwuliza.