Kopo Lililoandikwa Bila Sukari

Aibu hii bado inanichoma, lakini wacha niwataje kwanza waliokuwepo. Siku ile kwangu, mtaa wa Jabe, tulikuwa mi, mdogo wangu Mwajuma (tumbo moja, naye ana ugonjwa wa sukari), jirani Hadija mke wa Ramazani fundi wa magari, na muuguzi Goreti, aliyekuja kutufundisha kusoma maandishi ya kwenye vyakula vya dukani.

Mi shule niliachia darasa la pili. Ila nilitaka Goreti aone tunaishi vizuri, basi nikaweka mezani kopo la maziwa ya unga, zuri, linang'aa, ambalo binti yangu Zubeda alilitoa Kinindo, kwa matajiri anakopika. Maziwa yake yaliisha zamani, ndani nilishatia yale ya kupimiwa sokoni, yaliyokwisha changanywa na sukari (nani kwetu anatupa kopo zima?).

Goreti akalinyanyua. "Mwajuma, soma hapa."

Mwajuma akafuata herufi kwa kidole. "Sans... sucre. Bila sukari!"

Tukapiga makofi, na mi nikapiga, halafu mikono ikaniganda.

"Dada, kumbe unanifikiria! Nijazie kikombe, miaka yote nakunywa chai kavu kama mujane."

Ningesema pale pale. Lakini Goreti alikuwa ananisifu, "Bibi Zaina anajua kuchagua," mbele ya Hadija (na mdomo wa Hadija munaujua), nikamimina. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Baadaye akaanza kuomba maji, tena maji, ulimi mzito, macho yamelegea. Goreti akamchoma kidole, akatazama kimashine chake, uso ukambadilika.

"Umekula nini?"

"Apana kitu. Maziwa tu, na nimeyasoma mwenyewe."

"Basi dawa yako haifanyi kazi, lazima tuibadilishe."

Hapo nikalia kwa sauti: "Muiache dawa! Ni mi, maziwa si ya kopo hili, yana sukari!"

"Yarabi, Zaina!" Hadija akasema. "Umuue mdogo wako kwa ajili ya kujionyesha?"

Wakamkimbiza hospitali. Nikabaki kwenye benchi la nje nimeshika kandambili zake, najiuliza nitamjibu nini marehemu mama yetu Asha. Kesho yake Mwajuma akatoka, alhamdulillahi, na neno lake la kwanza: "Dada, mi nilisoma vizuri. Wa kufundishwa ni wewe."

Sasa kopo haliingii kitu kwangu mpaka nilichune karatasi yote. Kama nimekosea jina au nimemsahau mutu, munikosoe. Ila vile vikombe vitatu musinikosoe, nilivihesabu mwenyewe.