Kamari ya Maharagwe Iliyonipotezea Dada

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Si la shetani, wala si la pombe, maana pombe sinywi. Ni langu na hii mikono yangu, ambayo mngeiona mngeshangaa jinsi ilivyo laini kwa mtu wa umri wangu. Wenzangu walishika jembe. Mimi nilishika karata.

Nilikuwa mcheza poka. Si wa kujifurahisha, la! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kama wewe ulivyo mwalimu au dereva. Nilikula poka, nikavaa poka, nikamsomesha dada yangu Mghoi kwa poka mpaka akamaliza shule ya upili. Majirani pale Voi walijua mimi ni dalali wa ng'ombe. Na ng'ombe nilikuwa nao kweli mara kwa mara, ila walikuwa wametoka mezani!

Kama hujui mchezo, si vigumu. Unagawiwa karata tano, unabadilisha zile usizozipenda, halafu mnaanza kuweka dau. Uzuri wake ni kwamba si lazima uwe na karata nzuri. Ukimtisha mwenzako akatupa zake, umeshinda. Kwa hiyo mwenye karata mbovu na uso mtulivu anamla mwenye karata nzuri na uso wa wasiwasi. Na mimi uso wangu, wacha tu! Waliniita Kinyago.

Nilijifunzia hotelini. Baada ya Uhuru nilikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Voi, na kila Jumamosi mameneja wa mashamba ya mkonge walikuja kucheza. Siku moja wakapungukiwa na mtu. "Wewe, weka hiyo trei, keti hapa," mmoja akaniambia. Nikaketi. Kufika jioni nilikuwa nimevaa saa yake. Juma lililofuata sikubeba trei tena.

Halafu miaka ya sabini watu wakaanza kuchimba mawe ya kijani huko Kishushe. Weee! Mtu anatoka shimoni na vumbi mpaka kwenye kope, mfukoni ana kijiwe kidogo kama punje ya mahindi cha kumjengea nyumba ya mawe. Sasa mtu kama huyo anataka nini? Anataka kucheza! Nilikuwa napanda lori lolote lililokubali ile barabara mbaya, nafika kambini nimechakaa, tunakaa chini ya turubai mchana kweupe, mawe yamewekwa mezani kama peremende. Siku moja nilishinda Landrova. Nikaipoteza siku hiyo hiyo kabla sijajifunza kuiendesha!

Lakini kitu kimoja mnisadiki. Sikuwahi kuiba. Mtu anayeiba kwenye karata anajulikana Voi, anajulikana Taveta, anajulikana mpaka Mombasa, na hapati meza tena. Najua hila zote. Najua kugawa karata ya chini huku unaona kama nimetoa ya juu. Nilijifunza hila hiyo ili nimkamate mwingine akiifanya, basi.

Sasa ngoja niwaambie nilivyojichimbia shimo.

Wazazi wetu walifariki mapema kule Wundanyi, nikamlea Mghoi. Mimi sikuoa. Kazi yangu haikuwa ya kuoa, na nyumbani nilikuwa na dada. Nikirudi kutoka Kishushe nakuta maji ya kuoga, nakuta ugali na mboga, nakuta mtu wa kunicheka. Nilidhani hayo yataendelea tu, kama jua kuchomoza.

Basi akatokea Mutua.

Mutua alikuwa fundi wa redio pale sokoni. Mkamba, mpole, mwembamba kama waya zake. Siku moja alikuja nyumbani na mjomba wake, wamevaa makoti kwenye lile joto la Voi, nikajua mara moja ni habari gani. Mjomba akaongea vizuri, kwa heshima zote. Akauliza tungependa mahari gani.

Ningesema nini? Ningesema, "Dada yangu akiondoka mimi nitabaki na nani?" Mtu wa poka haonyeshi karata zake! Nikajifanya mjanja.

"Mahari sitaki," nikasema. "Nataka mchezo mmoja wa karata na huyu kijana. Akishinda, amchukue. Akishindwa, asikanyage hapa tena."

Mjomba akasimama. "Mutua, twende. Huyu bwana ana wazimu."

Mutua hakusimama. Aliniangalia, jasho linamtoka, akasema, "Nitacheza, kaka. Ila unifundishe kwanza."

Kumfundisha! Mnaona? Hata kucheza hakujua. Nikacheka kimoyomoyo.

Wageni walipoondoka Mghoi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Kaka, mimi ndiye dau?"

"Ni utani tu, Mghoi. Nampima."

"Na akishinda?"

"Hawezi kushinda."

Akanigeuzia mgongo. Akarudi jikoni. Ningekuwa na akili ningeufuata ule mgongo wake na kuomba msamaha palepale. Nikaketi kungoja chakula!

Tulicheza Jumapili baada ya kanisa, katika chumba cha nyuma cha ile hoteli yangu ya zamani. Nilimleta Mzee Musyoka awe shahidi. Mzee huyu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mcheza poka mkongwe kuliko mimi, na ndiye aliyekuwa akinitafutia meza zote kubwa. Neno lake kwa wacheza karata lilikuwa kama sheria. Badala ya pesa tulitumia maharagwe makavu, kila mmoja kikombe kimoja. Atakayemaliza ya mwenzake ndiye mshindi.

Jamani! Mutua uso wake ulikuwa dirisha. Akipata karata nzuri, masikio yanasimama. Akipata mbaya, anashusha pumzi kama tairi. Nilimsoma vizuri kuliko gazeti. Tatizo ni kwamba alikuwa akizipata! Mara jozi mbili, mara wafalme watatu. Nikimtisha, hatishiki, maana hajui kama anatishwa. Akiwa na mbaya anazitupa tu, akiwa na nzuri anasukuma maharagwe. Ujanja wangu wote wa miaka haukuwa na pa kushika.

Kikombe changu kikaanza kuonyesha sakafu.

Ikafika zamu yangu ya kugawa. Nikatazama maharagwe yaliyobaki, nikamwona Mghoi akifunga mizigo, nikaona nyumba yangu ilivyo kimya. Hapo ndipo shetani... hapana, nimesema si shetani. Hapo ndipo mimi nilipoamua. Wakati nachanganya nikaweka ree mbili chini ya karata, na mnajua ree ndiyo kubwa kuliko zote. Ya tatu ikanijia yenyewe nilipogawa. Tulipobadilisha, nikajitolea zile mbili za chini, polepole, uso wangu umelala kabisa.

Mutua alikuwa na wafalme watatu. Masikio yalikuwa juu! Akasukuma maharagwe yake yote, akasema hilo liwe dau la mwisho, la kumaliza mchezo, nami nikakubali. Nikafunua ree zangu tatu.

Akazitazama. Kisha akanyoosha mkono. "Umeshinda, kaka," akasema. "Asante kwa kunifundisha."

Asante! Neno hilo lilinichoma kuliko angenitukana.

Mzee Musyoka akasimama. Alichukua kofia yake, akaacha chai yake kikombe kizima, akatoka. Mimi nilikuwa nimeangalia uso wa Mutua wakati wote. Sikujua kwamba mzee alikuwa ameangalia mikono yangu.

Juma lililofuata nilikwenda Kishushe. Kulikuwa na meza kubwa, wanunuzi wawili wa mawe kutoka Mombasa, meneja mmoja wa ranchi, na Mzee Musyoka. Nikavuta kiti kwa mbwembwe zangu. Wote wakaweka karata zao chini.

"Kuna nini?" nikauliza.

Mzee Musyoka ndiye aliyejibu, bila hasira hata kidogo. "Umeiba mbele ya maharagwe. Mbele ya mawe utafanya nini?"

Nilitaka kucheka. Nilitaka kusema ilikuwa mambo ya kifamilia. Lakini uso wangu, ule uso maarufu, ulikuwa umeshaungua kwa aibu. Waliuona wote. Nikarudi Voi juu ya lori la mbuzi, na mbuzi ndio pekee waliokaa nami.

Nyumbani nikamkuta Mghoi ameketi kwenye sanduku lake. Mzee Musyoka alikuwa amepita kwa Mutua na kumweleza, na Mutua akamweleza yeye.

"Ungenikataza ningekusikia," akaniambia. "Ungesema tu unaogopa kubaki peke yako, ningengoja mwaka, hata miwili. Lakini umeiba, kaka. Mimi mwenyewe, umeniiba."

Nikafungua mdomo. Yeye akainua sanduku.

Walihamia Taveta, wakafunga ndoa kanisani huko, na mjomba wa Mutua ndiye aliyesimama mahali pangu. Habari hizo nilizipata kwa watu baki.

Basi, Kinyago akaisha. Taveta hawakunipa kiti. Mombasa hawakunipa kiti. Hata madereva wa malori wanaocheza kwa sigara walinikatalia! Nikahamia Mraru, kwenye reli ya Taveta, nikafungua kibanda cha chai kando ya barabara. Nilijifunza kupika ukubwani, tena kwa kuwaunguzia watu. Dereva mmoja aliniuliza kama chai yangu ni dawa ya kikohozi.

Miaka ikapita hivyo. Kila treni ya Taveta ilipoondoka nilisema kesho nitapanda. Sikupanda. Mtu aliyeweza kukaa mbele ya utajiri wa mtu mwingine bila kupepesa jicho aliogopa kubisha mlango wa dada yake!

Mwishowe nikapata kisingizio. Niliharibu redio yangu.

Nikaikumbatia ndani ya treni, tukapita Salaita, nikashuka Taveta na kuuliza fundi Mutua yuko wapi. Kila mtu anamjua. Nikamkuta amenenepa, amevaa miwani. Hakuonyesha mshangao. Akapokea redio, akaifungua, akachungulia kidogo.

"Kaka," akasema, "hii haijaharibika. Umetoa waya mwenyewe."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikamtoka, nami nikajikuta nacheka huku machozi yananitiririka kama mtoto.

Akanipeleka nyuma ya duka, uani, Mghoi alipokuwa anachambua mboga na watoto wamemzunguka. Alininyanyulia macho. Nilisema maneno niliyopaswa kusema miaka yote ile. "Mghoi, niliogopa kubaki peke yangu, ndiyo maana nikaiba. Nisamehe."

Msichana wake mkubwa akamvuta nguo. "Mama, huyu ni nani?"

"Ni mjomba wenu," akasema. "Msalimieni. Lakini karata msicheze naye."

Hakutabasamu aliposema hivyo, na siwadanganyi kwamba mambo yote yalirudi sawa siku ile. Nilikula kwake, nikalala kwa jirani. Sasa naenda mara kwa mara, na safari iliyopita alinipa kitanda.

Ndugu yangu unayesoma, na hasa wewe kijana unayejiona mjanja kwa sababu hakuna anayeweza kuusoma uso wako! Huo uso peleka sokoni, peleka kazini, peleka popote unapotaka. Nyumbani usiingie nao. Kama unamhitaji mtu, mwambie kwa mdomo wako, leo, kabla hajashika sanduku. Mimi nilimficha dada yangu neno moja dogo, nikashinda kikombe cha maharagwe. Niliyapika jioni ile aliyoondoka, nikala peke yangu, na hayakuiva.