Kibuyu cha Kufungulia Maji

Nimechoka, na naanza na hilo ili msomaji asije akanilaumu baadaye. Kazi yangu ni kukaa katikati. Kampuni ya matunda iliyoniajiri ni ya ng'ambo, shamba lake liko upande wa Ganda, na mimi, mtoto wa Malindi mjini, ndiye ninayepokea lawama za pande zote mbili.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Shule ikihitaji madawati, meneja alipiga simu, madawati yakaja, picha zikapigwa. Kisha kampuni ikapewa tuzo huko kwao kwa kuwajali majirani, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakubwa wakaamua wema usitegemee tena moyo wa meneja. Uandikwe katika katiba ya kampuni, uwe na kamati yake ndani ya bodi ya wakurugenzi, na kila jambo linalohusu majirani lipite hapo. Nilifurahi, sikatai. Niliona kwamba sasa meneja akihamishwa, ahadi zake hazitahama naye.

Jambo la kwanza kupelekwa kwa kamati lilikuwa bomba. Karibu na ua wetu anakaa mama mmoja mjane, umri wa mama yangu, ambaye kila asubuhi hupita na jerikeni akienda kuteka maji mtoni, huku tangi letu likifurika upande wa pili wa waya. Goti lake moja limevimba. Nikimwamkia shikamoo huitika marahaba, kisha huuliza, "Maji lini, mwanangu?" Anachotaka ni bomba moja tu nje ya ua. Fundi wetu angelimaliza kabla ya adhuhuri.

Kamati ikasema vyema, ila kwanza wazee wa kijiji washauriwe barazani, na kumbukumbu za mkutano ziletwe. Nikaenda. Sasa Wagiriama wana desturi yao: anayepeleka jambo kwa wazee hutanguliza kadzama, kibuyu cha tembo cha kufungulia mazungumzo. Bila kadzama wazee watakusalimia, watakuuliza habari za nyumbani, kisha watakuaga. Kwao ni kama kupiga hodi.

Kanuni zetu mpya zinakataza kumpa kiongozi yeyote wa kijiji pombe au zawadi. Nikaandika ng'ambo kueleza hiyo hodi. Nikajibiwa nipeleke soda. Nikapeleka. Mzee mmoja akaishika chupa, akaigeuzageuza, akacheka.

"Hii wapelekee wajukuu zangu," akasema. "Sisi twangoja jambo, na jambo halijabisha."

Wakaniaga kwa heshima zote.

Yule mama akasikia. Baraza lililofuata alitokea na kibuyu cha tembo la mnazi wake mwenyewe, ule mmoja alio nao nyuma ya nyumba, akakiweka mbele ya wazee.

"Lakini mama, mwenye jambo ni kampuni," nikamnong'oneza.

"Mwenye kiu ni mimi," akajibu. "Keti, tusemezane."

Nikaketi. Mimi tembo siligusi, dini yangu hainiruhusu, lakini siku ile nilikipenda kibuyu kile kuliko ofisi yetu nzima. Wazee wakamwaga kidogo chini, wakanywa kidogo, wakasikiliza, wakasema bomba na lije. Nikaandika kila kitu kama kilivyokuwa, na tembo pia, maana kamati ilikuwa imesisitiza ukweli na mimi nilikuwa bado naiamini.

Jibu lilichelewa. Mvua za vuli zilipita bila kunyesha, na ndipo likaja. Kamati ilinishukuru kwa uwazi wangu. Hata hivyo, kwa kuwa mkutano ulifanyika penye pombe, haukubaliki, na urudiwe kwa kufuata kanuni. Nilisoma, nikasoma tena, nikafunga kompyuta. Nilikuwa na hasira, lakini hata nguvu za kuikasirikia kamati nilizikosa.

Nilimkuta mama nyumbani kwake akiosha vyombo kwa maji aliyokwisha kufulia nguo. Nikamweleza yote. Hakupandisha sauti, na afadhali angenitukana.

"Wataka tuanze upya?"

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Na wewe utakuja tena mikono mitupu?"

"Hawaniruhusu kubeba kitu. Na wewe usilete, nakuomba. Wataukataa tena mkutano."

"Nisipoleta, wazee watakaa?"

Alijua kwamba hawatakaa, nami nilijua. Akainuka polepole, mkono ukutani kwa sababu ya lile goti, akautazama mnazi wake ambao makuti yake ya chini yalikuwa yamekauka.

"Nitaleta," akasema. "Ila mara hii ni kidogo, wazee wasinione mchoyo. Mnazi nao una kiu."