Mkanda wa Nane

Mwanangu Salha, kofia yako mpya ya uinjinia iweke hapo mezani, umalize kahawa na babu yako. Kila nikiiona nnakumbuka siku moja ya ujana wangu.

Nilikuwa mzamiaji, mwenye nguvu na majigambo tele. Nyambizi ya jeshi la nchi ya kigeni iligongana na meli ya mizigo, ikazama nje ya Maskati na mabaharia wake ndani. Tukapewa kazi ya kuipandisha. Wazazi wao walishafika, wanashinda gatini wakingoja maiti za watoto wao wakazike.

Chini kulikuwa na tope, hata mkono wako huuoni. Ami Nassor, mkubwa wetu, aliweka sharti: mikanda minane ya kunyanyulia inapita chini ya nyambizi, na hakuna kuripoti mkanda mpaka umeupapasa mwanzo hadi mwisho. Nikapapasa saba. Wa nane niliuvuta tu, nikaona umekaza, nikasema kwenye simu ya waya ya kofia yangu ya kuzamia, "Yote minane tayari." Nilitaka sifa ya kumaliza mapema.

Nilipopanda kwenye tishari, chombo bapa kilichobeba winchi ya kuvutia mikanda, nikamsikia Ami Nassor akiwaambia watu wa gatini, "Wapeni habari wazee, leo watoto wao wanapanda." Nikamkimbilia.

"Simamisha winchi, Ami! Wa nane sikuupapasa."

Hakunigombeza. "Nishawapa ahadi wazee wa watu kwa neno lako," alisema. "Rudi chini. Safari hii viniambie vidole vyako, si ulimi."

Ikabidi nipumzike kwanza, sheria ya kuzama ndivyo itakavyo, na watu wote wakae wakinisubiri mimi. Aibu ile, mwanangu, wacha tu! Nilipozama nikaukuta mkanda umelalia chuma kilichochanika pale meli ilipogonga. Ungekatika. Nikauhamisha, nikaupapasa wote.

Winchi ikavuta, tope likang'ang'ania, kisha likaachia. Mgongo mweusi ukatoka majini! Tukapiga takbir mpaka sauti zikakauka, na Mkenya wetu wa winchi akaimba wimbo wa kanisani kwao. Gatini mama mmoja alinishika mkono huu akaubusu. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Kesho kazini utapewa karatasi utie sahihi kuwa kazi iko sawa. Usitie kwa kitu ambacho hujakipapasa mwenyewe. Na ukikosea, sema kabla winchi haijavuta; aibu yake inapita, mimi shahidi.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na kila utakachokinyanyua kifike juu salama.