Mwaka Niliosomea Uongozi, Mume Wangu Akikama

Tuliomba wote wawili, mimi na mume wangu, na mimi ndiye niliyechukuliwa. Simu ilipoingia nilikuwa shambani nikipiga viazi dawa, pampu mgongoni, na msichana wa upande wa pili akanipongeza kwa furaha ambayo sikuwa na nguvu ya kuirudisha. Shirika moja la hisani lilikuwa linawalipia wakulima masomo ya uongozi: wiki moja kila mwezi mjini Nakuru, mwaka mzima, malazi, chakula na nauli juu yao. Nilishukuru. Kisha jambo la kwanza nililofikiria ni ng'ombe.

Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa viazi, huku juu ya Keringet, tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Kila mtu aliamini nafasi hiyo ni yake, hata mimi. Jioni nilimwambia alipokuwa anavua gambuti mlangoni.

"Wamekuchukua wewe?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe hawajakutaja."

Akavuta gambuti la pili likatoka na soksi. "Basi enda. Ng'ombe nitakama."

Kwetu kukama ni kazi ya mama na watoto, na watoto wetu walikuwa wameshatoka nyumbani. Kule kwenye kituo cha maziwa wanaume wenzake walimngoja na mzaha wao kila asubuhi: "Mzee, mathe yuko college?" Yeye alimimina maziwa, akachukua mtungi wake, akarudi. Kikundi nacho kikaona haifai kuwa na mwenyekiti asiyesomeshwa huku mke wake anasomeshwa, wakaniweka mimi mahali pake. Alinikabidhi mhuri wa kikundi ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda kupasua kuni.

Darasa letu lilikuwa chumba kirefu cha mabati, nje kidogo ya mji. Kwa mtu aliyezoea baridi ya Keringet, Nakuru ni joto na vumbi. Hatukuwa vijana. Kulikuwa na mfugaji kutoka karibu na Kariandusi, ambaye viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa udongo wa kule, na mama mmoja wa Longonot aliyefuga nyuki. Baada ya chakula cha mchana wote watatu tulisinzia, na mwalimu wetu, mama mstaafu aliyekuwa afisa wa kilimo, alituacha tusinzie. Usiku nililala kama sijawahi kulala tangu niolewe. Hakuna aliyeniita, hakuna ng'ombe aliyelia. Nilienda kusoma, lakini ukweli ni kwamba miezi ya kwanza nilienda kulala.

Siku moja mwalimu alituambia, "Kiongozi ni mtu wa kwanza kulaumiwa. Kama huwezi lawama, rudi ukalime shamba lako ukae kimya." Tulicheka. Kisha akamtaka kila mmoja wetu achague jambo moja huko kwao alibadilishe kabla ya mwaka kwisha.

Nilichagua lumbesa. Mnunuzi hukuletea gunia, unalijaza mpaka mdomoni, halafu anashona wavu juu yake na kuendelea kujaza, mpaka gunia lina nundu kama ng'ombe dume. Umempa gunia na nusu, naye anakulipa gunia. Sheria inakataza, na kila mtu anajua inakataza. Niliwaita wanakikundi kwenye uwanja wa kanisa, nikawaambia msimu huu tuuze kwa mzani au tusiuze. Mikono yote iliinuliwa. Mume wangu pia aliinua wake.

Viazi vilipotoka, lori la kwanza likaja. Tulikuwa tumetundika mzani kwenye mti kando ya barabara. Mnunuzi aliutazama, akatutazama sisi.

"Mathe, mimi sinunui dhahabu," akaniambia, akapanda lori lake na kwenda kununua mlima wa pili.

Wengine waliokuja walifanya hivyo hivyo. Mvua nayo ikakaza. Viazi vyetu ni shangi, na shangi haingoji mtu. Ukiichimba, baada ya muda mfupi inaota macho. Simu yangu haikunyamaza. "Mwenyekiti, vyangu vimeanza kuota." "Mwenyekiti, vya chini vinatoa maji." Niliwaambia tuvumilie. Nilitafuta hoteli mjini Nakuru ya kununua kwa mzani, ikachukua kidogo ikasema imetosha. Mke wa shemeji yangu, jirani yetu wa karibu kabisa, alikuja akasimama jikoni kwangu na kiazi kilichooza mkononi. Alikiweka juu ya meza akaondoka.

Katikati ya hayo wiki yangu ya masomo ikafika, nikaenda. Sikumbuki nilichofundishwa wiki ile. Nakumbuka tu mfugaji wa Kariandusi akiniuliza, "Mbona umekonda?"

Niliporudi Jumamosi, nilipitia stoo kabla ya kuingia nyumbani. Ilikuwa tupu. Tena ilikuwa imefagiwa. Mume wangu nilimkuta zizini, ameinama chini ya ng'ombe.

"Viazi viko wapi?"

"Vimeenda."

"Kwa mzani?"

Aliendelea kukama. "Lumbesa. Vilikuwa vinaoza, mama. Ulitaka nivitazame tu?"

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ningependa kusema kwamba nilikasirika mara moja, lakini kilichotangulia ni uchovu, na baada ya uchovu kikaja kitu kama nafuu: kesho sitaamka kuchambua viazi vilivyooza. Hasira ilikuja mwisho kabisa, nayo ilipokuja ilikuwa imechoka kama mimi. Nikainuka, nikaenda kuwasha moto.

Lori haliwezi kuingia nyumbani kwa mtu Keringet lisionekane. Jumapili baada ya ibada wanakikundi walikuwa wamenisubiri. Mke wa shemeji ndiye aliyeanza, na safari hii alikuwa na maneno.

"Sisi tumeoza na wewe umeuza! Hiyo ndiyo wanakufundisha Nakuru?"

Wengine wakadakia. Mmoja alisema nimenunuliwa, mwingine akasema wasomi ni wale wale. Kusema kwamba si mimi niliyeuza kungekuwa kumtoa mume wangu nimtupe katikati ya watu, na hata hivyo vilikuwa viazi vya nyumba yangu. Nilikuwa nafikiria kurudisha mhuri pale pale niende zangu.

Ndipo mume wangu akasimama kutoka nyuma, kofia mkononi.

"Mimi ndio nimeuza," akasema. "Yeye alikuwa Nakuru. Kama ni kutukana, nitukaneni mimi."

Watu waligeuka kumtazama. Yeye si mtu wa maneno mengi, na nilidhani amemaliza.

"Nilikuwa mwenyekiti wenu miaka mingi. Kuna siku mlinikasirikia? Hakuna. Mnajua ni kwa nini? Sikuwahi kuwaambia mfanye kitu kigumu. Tulikuwa tunakutana, tunakunywa chai, tunafunga na maombi." Mzee mmoja alicheka kidogo, akajizuia. "Huyu amewaambia kitu kigumu, na mtu wa kwanza kushindwa ni mimi. Si yeye."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinuka mmoja mmoja, na wengi wao hawakurudi tena kwenye kikundi mpaka leo. Wiki ile ile malori yalipanda mlima wetu na kushuka yakiwa na nundu zao.

Tulitembea kurudi nyumbani. Karibu na lango nilimwambia, "Asante."

"Ya nini? Nimekuharibia."

"Ndiyo, umeniharibia," nikasema. Na tukaingia.

Siku ya kuhitimu wafadhili walikuja wenyewe. Nilikuwa nimewafikiria kama watu matajiri sana, lakini wengi walikuwa wazee wa kawaida, wenye mikono ya watu waliowahi kulima. Kila mwanafunzi alisimama kueleza alichobadilisha. Mfugaji alieleza bwawa walilochimba na majirani zake, na mama wa nyuki akaonjesha watu asali. Zamu yangu ilipofika nilisema langu lilishindwa, nikaeleza lilivyoshindwa, bila kumtaja aliyeuza. Mama mmoja mzee kati ya wafadhili akaniuliza ni nini kingesaidia.

"Mahali pa kuweka viazi visioze," nilimjibu. "Mkulima asiyeweza kungoja hawezi kubishana na mtu."

Walipiga makofi sana. Stoo haikuja, na siwalaumu. Walikuwa wameahidi masomo, na masomo walinipa.

Tuliijenga sisi wenyewe, nyumba chache zilizobaki, kwa mabaki ya mbao kutoka Molo, yenye giza ndani na hewa ikipita chini ya sakafu. Mume wangu ndiye aliyepigilia misumari. Tulitafuta pia mbegu ya aina nyingine, isiyoota upesi. Msimu uliofuata mnunuzi mmoja alikubali mzani baada ya kununa kwa muda mrefu, kisha mwingine. Wengine bado hawakubali, na majirani wengi bado wanashona wavu juu ya magunia. Mke wa shemeji naye alileta vyake, nikamwonyesha pa kuviweka.

Sasa wananiita kila mahali: kamati ya kata, mikutano ya Molo, semina za Nakuru ambako huambiwa niwatie moyo wakulima wapya wanaofadhiliwa. Huwa nawaambia waende wakasome. Huwa nawaambia pia kwamba watachoka kuliko jembe linavyochosha, na vijana huandika hilo kama vile ni mzaha.

Juzi nilifika nyumbani jioni, nimelowa, hata chakula sikitaki. Mume wangu alinimiminia chai.

"Kuna mkutano mwingine?"

"Kuna. Alhamisi."

"Basi kunywa hiyo, ulale," akasema, akanisogezea kiti karibu na moto.