Sungura Niliyemnunua Mara Tatu

Nitawasimulia, ila mkinikuta kanisani msinicheke, maana waliokuwepo siku ile wameshacheka kwa niaba yenu na ya wajukuu wenu. Mpaka leo nikipita soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kuna muuza mchicha ananiita Mama Sungura, mimi hapa, ninayelipia fremu ya saluni kila mwezi na kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya.

Chanzo ni mwanangu Subilaga. Mtoto aliomba mbwa nikakataa (mbwa anabweka, na mimi mwenyewe nabweka, nyumba ni ndogo), akaomba paka nikakataa, mwisho nikachoka kukataa nikamwahidi sungura, na yeye siku hiyohiyo akaanza kujenga banda kwa mbao za makasha ya maparachichi, akajigonga vidole weee, akampa sungura jina la Pamba kabla hata sijajua nitamnunua wapi. Sasa mtu mwenye akili zake angeshuka sokoni, sungura wapo tele, unachagua unabeba. Lakini mimi ni mtu wa kisasa. Sungura wa sokoni masikio yamesimama, na mtandaoni nilikuwa nimeona wale wenye masikio ya kulala, weupe pee, wamepigwa picha juu ya sofa, nikasema mwanangu hawezi kufuga sungura wa kishamba.

Muuzaji alikuwa kijana wa Iringa anaitwa Festo, anafugia huko njia ya Tosamaganga, mpole mpaka anaudhi. Kila ujumbe wake unaanza na salamu ya kwao, "Kamwene dada", hata kama umemuuliza bei tu. Nikalipa, akanitumia picha ya Pamba ndani ya boksi lenye matundu na majani ya kabichi, akasema anampakia kwenye basi la asubuhi, jioni nikampokee stendi. Subi akavaa gauni la sikukuu kwenda kumpokea sungura.

Jioni hakuna sungura. Kijana wa ofisi ya vifurushi, ambaye tunasali naye kanisa moja, akapekua mpaka nyuma ya magunia ya vitunguu, akasema labda kesho. Kesho yake tukaenda tena na gauni lilelile, hakuna. Ndipo Festo akapiga simu kwa sauti ya mtu aliye msibani, akanieleza kwamba boksi lilishushwa Mbeya salama salimini, ila wapakiaji wakalichanganya na mizigo ya Chunya, likaenda Chunya, na watu wa kule wanamlisha vizuri, gari likipatikana watamrudisha. Nikamuuliza, sungura amekwenda kuchimba dhahabu au kulima tumbaku?

"Hapana dada," akasema, "amepotea njia tu."

Hapo ndipo mtu mzima angevuta pumzi na kusubiri. Lakini saluni ilikuwa imejaa, mteja mmoja nimemsuka rasta nusu kichwa, na kila mmoja ana ndugu yake aliyetapeliwa mtandaoni, huyu alilipia simu akaletewa sabuni ya mche, yule alilipia kochi akaletewa picha ya kochi, nikaona kabisa kwamba wiki ijayo kwenye saluni ya jirani nitakayesimuliwa ni mimi. Festo akanipa njia mbili kwa heshima zote: nisubiri sungura wangu arudi, au anirudishie hela na sungura abaki kuwa wake. Nikarekodi voisi ndefu, nikamwita tapeli, nikamwambia aache kuharibu jina la Iringa nzima, na nikamalizia kwa maneno ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu nimerudishiwa mara nyingi tangu siku hiyo:

"Nirudishie hela yangu. Huyo sungura wako simtaki tena, mpe hata mchungaji amle."

Kisha (na hili sikushikiwa bunduki na mtu) nikaituma voisi hiyohiyo kwenye grupu la kwaya, ili ndugu zangu katika Bwana wajifunze namna ya kushughulika na matapeli. Wakanimwagia vile vikofi vya njano. Zile rasta sijazimaliza, hela ikaingia yote, haijapungua hata shilingi, na ujumbe: "Kamwene dada, samahani kwa usumbufu." Nikauzungusha saluni nzima wausome. Tapeli gani huyo anayerudisha hela na kuomba samahani, sikujiuliza, nilikuwa na kazi ya kushinda.

Subi alipoambiwa sungura haji tena hakulia. Alikwenda nje akafunga mlango wa banda kwa kamba, akarudi ndani akafungua daftari la hesabu. Nikajisemea watoto wanasahau haraka.

Ikafika Jumapili. Kanisani kwetu watu huleta sadaka za mazao na mifugo, na ibada ikiisha tunatoka nje vinanadiwa, fedha inaingia kanisani. Ukinunua kitu unaweza kumzawadia mtu palepale, watu wakapiga vigelegele, na ukimzawadia mchungaji ndiyo heshima yenyewe. Siku hiyo yakaenda maboga, ikaenda mikungu ya ndizi, akaenda jogoo, kisha Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa anayeshika kipaza sauti kana kwamba alizaliwa nacho, akainua juu sungura mweupe mwenye masikio ya kulala.

"Huyu ameletwa na ndugu yetu wa ofisi ya vifurushi," akatangaza. "Mwenyewe yuko Iringa. Anasema mnyama amerudi toka Chunya amechoka safari, akimrudisha Iringa atakufa, na mteja wake alikwishasema apewe mchungaji. Kwa hiyo amemtoa sadaka."

Kwaya nzima ikageuka kunitazama, kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimekutana na mtu anayefanya kile ulichomwambia.

"Mama," Subi akasema, si kwa sauti ndogo, "huyo ni Pamba."

Wa kwanza kutaja bei alikuwa baba mmoja mwenye banda la nyama choma, na alivyokuwa anamtazama Pamba mapajani nilijua hakuwa anatafuta mnyama wa kufuga. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha tena, huku mtu nyuma yangu akiigiza taratibu ile "simtaki tena" yangu, kwa lafudhi yangu kabisa, na watu wanajiziba midomo kwa vitabu vya nyimbo. Hela aliyonirudishia Festo nilikuwa nayo pochini, ikaisha yote, nikaongeza ya vifaa vya saluni, tukafika bei ya mbuzi aliyeshiba, ndipo yule baba akakunja mikono.

Mzee Ambakisye akanisogezea kipaza sauti. "Ndaga fijo, asante sana, dada. Unamzawadia nani?"

Nilitakiwa kusema neno moja tu, mwanangu. Lakini niliwaona wote wale wanavyosubiri nijiaibishe zaidi, nikataka kuwaonyesha kwamba mimi ni mkubwa kuliko kicheko chao, kichwa juu, nikasema, "Mchungaji."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu. Mchungaji akampokea Pamba kwa mikono miwili. Subi akanitazama, akashusha macho kwenye viatu vyake, na hakuniongelesha njia nzima mpaka nyumbani. Jamani, mtoto akikununia kwa haki inauma.

Jioni nikabeba kilo ya sukari nikaenda nyumbani kwa mchungaji. Nikamkuta mkewe anakatakata kitunguu, machozi yakanitoka papo hapo (ya kwangu, si ya kitunguu). Nikajieleza yote. Mchungaji akanisikiliza mpaka mwisho, akasema zawadi iliyopokelewa mbele ya usharika haiwezi kutoka kwa mlango wa uani, ila Jumapili ijayo atamrudisha mnadani, na mwenye kumtaka atamnunua kama watu wengine.

"Na kitunguu ni cha maharage," mkewe akasema. "Kaa utulie."

Kisha mchungaji akaniuliza kama nimeshaongea na yule kijana wa Iringa. Nikasema simu haina chaji. Ikaita humohumo mkobani.

Usiku huo nikarekodi voisi nyingine, fupi, nikamwomba Festo radhi, na nikaituma palepale kwenye grupu la kwaya nilikomtukania. Vikofi havikuja. Nikamwambia Festo nataka kumrudishia hela yake, akakataa. "Kamwene dada. Hela nilikurudishia, sungura nilimtoa sadaka, hatudaiani. Mimi nataka tu mtoto ampate." Bora angenitukana, ningejua pa kuanzia kumjibu.

Jumapili iliyofuata Pamba akainuliwa tena. Nikataja bei, kubwa kuliko ya kwanza, maana aibu nayo ina gharama zake, na hakuna aliyepandisha. Yule baba wa nyama choma aliangalia mawingu kama mtu aliyeacha kula nyama. Mzee Ambakisye akaja na kipaza sauti chake, akauliza lile swali lake, nikafungua mdomo, na Mungu ndiye anayejua nilikuwa nakwenda kusema nini, kwa sababu Subi alikidaka kile kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Hatumzawadii mtu," akasema.

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Pamba sasa yuko kwenye banda lake la makasha, amenenepa, na sikio moja limeanza kusimama kama la wale wa sokoni. Mtandaoni bado nanunua, sitawadanganya, lakini nimeapa kwamba nikikasirishwa na muuzaji simu naikabidhi kwa Subi, naye hanirudishii mpaka nimalize kikombe kizima cha chai. Wiki iliyopita nilikunywa vikombe vitatu.