Mabamba Manane ya Titani

Nina yadi ya vyuma chakavu Kizota, na kwa miaka minne nilimchukia mtu mmoja kwa utaratibu, kama mzazi anavyolipa ada ya shule: kila muhula, bila kuruka.

Alikuwa mnunuzi wa jumla kutoka Dar es Salaam, mzee wa shati lililopigwa pasi na sauti ya upole. Alinikuta bado mgeni kwenye biashara. Nilikuwa nimenunua mabaki ya kiwanda kimoja kilichofungwa, na ndani yake kulikuwa na mabamba ya kijivu, mepesi kuliko yalivyoonekana, ambayo sumaku haikuyataka kabisa. Nikamuuliza ni madini gani. Akayagonga kwa kidole na kusema ni alumini chafu, imechanganyika na takataka, na ananichukulia kwa huruma tu. Kilo mia mbili na kumi, shilingi elfu mbili kwa kilo. Nilizihesabu noti mara mbili, zikatimia. Nikamshukuru, na shukrani nazo nikazitoa mara mbili. Wizi wenyewe nimeusamehe kidogo. Zile shukrani sijazisamehe.

Kipande kimoja cha ukubwa wa sinia kilibaki. Nikakiweka chini ya bomba la kisima. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na anayeishi Dodoma anajua chumvi hiyo inavyotafuna ndoo, bawaba na koki. Koki ya bomba lile nilibadilisha mara tatu. Kile kipande kilikaa pale chini, kinadondokewa mchana na usiku, kikawa vilevile kama siku nilipokiweka. Hakuna kutu, hakuna doa.

Ni fundi mchomeleaji wa jirani aliyekiona. Mtu wa Chemba, ambaye lugha ya kwao ina vidoko, ile milio ya kugonga ulimi, na Kiswahili anakizungumza taratibu kama mtu anayechagua misumari kwenye kopo. Alikiinua, akakipima kwa mkono, akakipitisha kwenye grainda. Alumini haitoi cheche. Chuma hutoa cheche za rangi ya chungwa. Hizi zilikuwa nyeupe, kali, hadi nikafumba macho. Kisha akakikunja ncha kwa koleo, nayo ikakubali bila ubishi.

“Dada,” akasema, “hii ni titani. Tena tupu. Ingechanganywa ingekataa kukunjwa.”

Alikuwa amewahi kufanya kazi ya mabomba kwenye mitambo ya kusafisha maji ya bahari, ndiko alikoijua. Akanieleza kwamba uzito wake ni nusu ya chuma na kidogo juu yake, na kwamba chumvi na klorini haziiwezi, ndiyo maana wanaitengenezea matangi ya dawa kali. Hata hospitali wanaipenda, maana mfupa wa mtu hauikatai. Bei je? Ya kuyeyusha ni ya kawaida tu, akasema, lakini bamba zima, safi, la kutumika tena, halikai sentensi moja na alumini.

Nikampigia yule mzee siku hiyohiyo. Nilimwamkia shikamoo, maana mama yangu alinilea. Akaitikia marahaba. Nikamwambia nilichokijua. Hakukana hata neno. Alicheka kidogo, akasema: “Mama, kwenye vyuma chakavu mnunuzi hamfundishi muuzaji. Mzani ukishasema, wote tunanyamaza.”

Basi nikajifunza kunyamaza, na nikajifunza titani. Jioni baada ya kufunga yadi nilikuwa nakaa na fundi, namnunulia soda, namuuliza maswali, na kesho yake namuuliza yaleyale nione kama majibu yanalingana. Yalilingana. Jambo lililonikaa akilini zaidi ni hili: titani inaogopa moto wa wazi. Ikiwa baridi hakuna kinachoigusa, lakini ikipata moto hewani inaila hewa. Inageuka rangi, manjano, kisha zambarau, kisha bluu, mwisho inakuwa nyeupe kama majivu. Palipoungua panakuwa pagumu kama kigae, ukipakunja panapasuka. Hata wanaoichomelea wanaifunika kwa gesi maalumu ili isivute pumzi.

Mwaka wa nne nikapata mabamba manane kwenye mnada wa mtambo wa zamani wa dawa ya maji. Kila moja mita nne kwa moja, unene wa milimita tatu. Niliyahesabu mara mbili, nikayasugua kwa sabuni, nikapitisha neno kwa madereva wa malori. Sikumtaja mzee kwa jina. Neno likimfikia mtu lenyewe, analiamini zaidi.

Alikuja ndani ya wiki, na pikapu na vijana wawili. Nikamwamkia. Akayazunguka mabamba, akayagonga kwa kidole kilekile, akaanza habari za alumini. Sikubishana. Niliwasha grainda nikagusa kona ya bamba la juu, cheche nyeupe zikaruka hadi kwenye viatu vyake. Akasogea nyuma, akasema haya, tuongee kama watu wazima.

Akataja elfu kumi na mbili kwa kilo. Nikataja arobaini. Akasema mimi ni kama binti yake. Nikamwambia ndiyo maana sikusema hamsini. Akaenda hadi kwenye pikapu, akashika mlango, akarudi. Akaenda tena, safari hii akaingia na kuwasha injini. Nikaendelea kumenya chungwa langu. Katika kubembeleza bei alishaponyokwa na neno kwamba ana mteja anayetengeneza matangi, anayetaka mabamba laini ya kukunjwa, na mtu mwenye mteja harudi Dar mikono mitupu. Tulifunga kwa thelathini na moja na nusu. Mzani ulisema kilo mia nne thelathini na mbili. Nilizihesabu pesa mara mbili, na sikumshukuru.

Ndipo akafanya nilichokuwa nakiombea. Mabamba yalikuwa na mita nne, na pikapu yake haifiki hata mita mbili na nusu. Kwenye biashara yetu kitu kirefu hakikodiwi lori refu, kinakatwa. Kila mtu hukata kwa gesi, tangu reli mpaka boila, na hakuna anayefikiri mara mbili. Mzee alijua bei ya titani. Titani yenyewe hakuijua.

Akaniuliza kama nina mitungi. Ninayo, nikamwambia, ya kukodi. Akalipa.

Fundi alikuwa amesimama ukutani. Kijana mmoja alipowasha mwali, fundi akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga, akaondoka kwenda kwake. Najua hakulipenda jambo lile, na kwa siku mbili hakunisalimia. Mimi nilibaki. Niliona manjano, zambarau na bluu zikitambaa kutoka kwenye mkato, rangi nzuri kama za kitenge kipya. Yule kijana akasema, mzee, ona linavyopendeza. Mzee akasema ni kweli, ndiyo uzuri wa titani. Manane yakawa kumi na sita.

Siku ya tano akarudi na mzigo wote. Shati halikuwa na pasi. Mteja alikuwa amejaribu kukunja bamba moja, ukingo ukapasuka kama chapati ya jana, akamfukuza. Nikampa kiti na maji ya kunywa. Hakuomba kurudishiwa pesa, alikuwa anaijua sheria kuliko mimi. Aliuliza swali moja tu.

“Ulijua?”

“Nilijua, baba.”

Aliyanywa maji yote. Kisha akauliza kama kuna njia ya kuyaokoa. Ipo, nikamwambia, na ina bei. Alipolipa, nikamweleza: kila kipande, kata vidole vitatu kutoka palipoungua, ukanda wenye rangi wote utoke. Kilichobaki ni kizima, mteja atakipokea. Gesi hapana. Grainda hapana, nayo inachoma. Msumeno wa mkono, polepole, na maji mengi juu ya meno, maana titani inang'ang'ania msumeno kama deni. Vipande kumi na sita, kila kimoja mkato wa mita moja.

Vijana walikata siku ya kwanza wakaacha, mikono ina malengelenge. Siku ya pili mmoja akapanda basi la kwao. Siku ya tatu mzee mwenyewe akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye vumbi la Kizota, upepo wa Dodoma ukimjazia macho, na kukata. Kila baada ya muda meno ya msumeno yaliisha, akainuka kuja dirishani kwangu. Nilikuwa nauza nyembe za msumeno, moja moja, siuzi boksi.

Nilimwamkia kila asubuhi. Aliitikia.